Amezidisha, hapumui: namna ya kumshikilia hadi mfike hospitali

Ukimkuta kijana amelala nyuma ya kibanda, mdomo wazi, anakoroma mkoromo mzito unaokatika na kurudi, usipite ukasema amelewa, atazinduka. Simama hapo hapo. Mkoromo wa namna hiyo kwa mtu aliyekula unga, yaani heroini, si usingizi, ni koo linaloziba. Ukimwacha ukamalizie kuuza, utarudi umkute kimya.

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii hapa Dodoma mjini, upande wa Chang'ombe, na asubuhi nauza uji na vitumbua jirani na kijiwe cha bodaboda. Mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, ametumia unga miaka mingi na sasa anakunywa methadoni, dawa ya kumtoa kwenye unga, pale kliniki ya Itega. Kwa hiyo haya nimefundishwa na manesi, na pia nimeyafanya nikiwa nimepiga magoti kwenye vumbi. Nayaandika kwa ajili ya akina mama wenye vibanda, madereva wa bajaji, walinzi wa usiku, wenye nyumba za kupanga, na vijana wa maskani wenyewe. Ninyi ndio mnaokuwepo. Daktari hayupo kwenye pagale saa tano usiku.

Kinachoua ni kukosa pumzi

Heroini, morfini, kodeini, tramadoli, methadoni, fentanili: zote hizi ni ukoo mmoja, jamii ya afyuni. Zinaondoa maumivu, zinaleta raha, na zinalegeza ile sehemu ya ubongo inayokiendesha kifua bila mwenyewe kufikiria. Dozi ikizidi uwezo wa mwili, pumzi zinakuwa za juu juu, zinaachana, kisha zinakoma. Moyo huendelea kupiga kwa muda kidogo baada ya hapo. Huo muda kidogo ndio wetu. Ubongo ukikosa hewa dakika nne au tano unaanza kuharibika, na kutoka kwetu hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, hii tunayoiita General, hakuna bajaji itakayofika kwa dakika nne, hata kama barabara ni nyeupe. Mtu wa kwanza kumwokoa ni wewe uliye karibu, na anachohitaji kwanza ni hewa.

Nalitanguliza hili kwa sababu watu wakikusanyika huanza kuulizana: kala nini, kapewa na nani, ndugu zake wako wapi. Maswali hayo yana wakati wake, na wakati huo haujafika.

Mwangalie hivi

Mwite kwa jina, kwa sauti kubwa. Kama hulijui jina lake sema, "Kaka! Kaka, amka!" huku ukimtikisa mabega. Asipoitika, kunja ngumi, weka vifundo vya vidole katikati ya kifua chake, kwenye mfupa, usugue kwa nguvu. Inauma sana. Aliyelala tu kwa stimu atakunja uso, atausukuma mkono wako, pengine atakutukana, na tusi hilo ni habari njema. Aliyezidisha hafanyi lolote.

Hapo tazama kifua chake kwa sekunde kumi, shavu lako likiwa karibu na pua yake ili uisikie hewa. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Ukiona pumzi moja tu katika hizo sekunde kumi, au usione kabisa, au usikie maji yakigugumia kooni, usingoje dalili nyingine. Anza.

Mabango mengi yanasema midomo inakuwa ya bluu. Kwa ngozi zetu usisubiri bluu. Ufunue mdomo wa chini uangalie kwa ndani, angalia fizi, angalia kucha na viganja: vinapauka, vinakuwa vya kijivu. Mmulike macho kwa tochi ya simu, utaona mboni zimesinyaa zimebaki nukta. Lakini mboni zisikudanganye. Kama amechanganya vitu, au amekaa bila hewa muda mrefu, zinaweza kuwa kubwa. Pumzi ndiyo inayoamua. Na kama aliyoinywa ni tramadoli nyingi, anaweza pia kushikwa na degedege. Msogezee mbali vitu vigumu, usimtie kijiko mdomoni, na likiisha urudi kwenye kifua.

Pumua badala yake

Kabla hujapiga goti, mchague mtu mmoja umwonyeshe kwa kidole: "Wewe mwenye fulana nyekundu, kalete bajaji. Mwambie dereva kuna mtu hapumui." Ukipiga kelele kwa wote haendi hata mmoja. Na usimtume akaseme kuna teja kazidisha. Nimeshuhudia dereva akisikia hivyo anawasha chombo anaondoka. Mtu hapumui, hiyo inatosha, na ndiyo kweli yenyewe.

Mlaze chali juu ya ardhi ngumu, si kwenye godoro. Fungua mdomo wake, toa kilichomo: ugoro, bablishi, matapishi, meno ya bandia. Weka kiganja kwenye paji la uso, vidole viwili vya mkono wa pili chini ya mfupa wa kidevu, ukiinamishe kichwa kwa nyuma huku ukiinua kidevu. Kwa wengine tendo hili peke yake linatosha: ulimi unaondoka kooni, anavuta pumzi ndefu yenye mkwaruzo. Asipovuta, mbane pua, funika mdomo wake kwa mdomo wako, pasivuje, upulize pumzi mbili za kawaida. Si za nguvu kama unapuliza jiko la mkaa; pumzi ya kutosha kifua kupanda. Halafu pumzi moja kila sekunde tano.

Jioni moja ya mwezi wa saba, upepo wetu ule wa baridi unavuma, niliitwa nyuma ya vyoo vya kulipia karibu na soko la Majengo. Kijana wa miaka ishirini na kitu, koti la jinzi, mguu mmoja hauna kiatu. Midomo ilijaa vumbi, nikaifuta kwa ncha ya kanga. Pumzi niliyompa mwanzo haikuingia, niliisikia inarudi shavuni kwangu. Nikaongeza kuinua kidevu, juu zaidi ya nilivyodhani shingo inafika, na iliyofuata ikaingia: nikaona vifungo vya lile koti vinapanda na kushuka. Fundi viatu mmoja alichuchumaa pembeni akanihesabia kwa sauti, moja, mbili, tatu, nne, puliza. Moja, mbili, tatu, nne, puliza. Bila yeye ningekwenda haraka mno, kwa sababu ukiwa na hofu sekunde zote zinakuwa fupi. Kitambo kidogo baadaye aliyekuwa ameshika tochi akasema, "Mama, kucha zinarudi rangi." Kijana alikuwa bado hajaamka wala hajavuta pumzi yake mwenyewe. Lakini damu yake ilikuwa na hewa, hewa yangu.

Kwa hiyo tafuta wa kukuhesabia, na wa kukupokea ukichoka. Usiache kwa sababu hajaamka. Unapumua badala yake mpaka apumue mwenyewe au mpaka mhudumu mwenye vifaa akupokee.

Watu huniuliza kuhusu magonjwa. Mate hayaambukizi virusi vya UKIMWI. Kama kuna damu mdomoni, ifute, kisha weka kitambaa chepesi upulizie juu yake. Kama sindano bado imo mwilini, ishike kwenye bomba uichomoe, usijaribu kuirudishia kifuniko, itumbukize kwenye chupa ngumu ya plastiki na uifunge. Kama umewahi kufundishwa kukandamiza kifua na huyu haonyeshi uhai wowote, fanya mikandamizo 30 kwa pumzi mbili. Kama hujafundishwa, pumzi ndiyo msaada mkubwa unaoweza kumpa, maana tatizo lake limeanzia kwenye pumzi.

Maji, maziwa, chumvi

Acheni. Ndoo ya maji ya baridi haimfanyi apumue, inampotezea joto, na yakimwingia mdomoni yanakwenda mapafuni. Maziwa ni hivyo hivyo. Mtu asiye na fahamu hamezi, na unga uliodungwa au uliovutwa haumo tumboni. Kumdunga maji ya chumvi hakumsaidii hata chembe na kunamwachia jipu. Makofi, kumburuta mkiwa mmemshika makwapa eti atembee, kumchoma miguuni kwa sigara: nimeyaona yote, na katika yote hayo kifua kimesimama huku saa inakwenda.

La hatari kuliko yote halionekani kama kosa. Ni kumfunika shuka na kumwacha apumzike. Wako vijana wengi ambao wenzao walisikia mkoromo chumba cha pili, wakasema mwache, kalala vizuri leo.

Naloksoni, mkiipata

Kuna dawa inayoiondoa afyuni kwenye ubongo na kukaa mahali pake. Inaitwa naloksoni. Kwa mtu ambaye hana dawa za jamii hii mwilini haifanyi kitu, kwa hiyo usiogope kwamba utamdhuru ukikosea. Shirika la Afya Duniani lina naloksoni kwenye orodha yake ya dawa muhimu tangu 1983, na mwaka 2014 lilitoa mwongozo kwamba mtu yeyote anayeweza kumkuta mwenzake amezidisha, awe rafiki, ndugu au jirani, apatiwe dawa hii na afundishwe kuitumia. Yeyote, si daktari tu. Mimi naliamini hilo kwa moyo wote, na kila nikikutana na mtu wa idara ya afya namkumbusha. Dawa ya namna hii kufungiwa kwenye kabati la hospitali wakati watu wanafia vyooni si haki.

Kwa sasa mahali pa kuiulizia ni hospitalini na kwenye kliniki za methadoni. Mkiwa nayo ya sindano, kichupa chenye miligramu 0.4 kinachomwa kwenye msuli wa paja, kwa nje, hata juu ya suruali ikibidi. Ya puani inapulizwa tundu moja la pua, kichwa kikiwa kimeinamishwa nyuma. Endelea kumpulizia pumzi, subiri dakika mbili au tatu, na kama hajaanza kupumua mwenyewe mpe nyingine.

Akizinduka usitegemee shukrani. Naloksoni inamtupa kwenye arosto, mateso ya mwili kukosa unga, papo hapo: miayo, makamasi, vinyweleo vimesimama, tumbo linakata, hasira. Yule kijana wa Majengo alichomwa alipofika hospitali, na neno lake la kwanza kwa nesi lilikuwa la matusi. Nesi akamjibu, "Karibu tena, mdogo wangu," akaendelea kumshika mkono wenye dripu. Akitaka kuondoka akatafute unga wa kutuliza arosto, mzuieni kwa maneno mazuri, kaeni naye. Naloksoni hudumu kati ya nusu saa na saa moja na nusu, halafu inaisha. Heroini iliyobaki, na zaidi methadoni ambayo hukaa mwilini muda mrefu sana, inaweza kumrudisha chini tena akiwa hana mtu. Kwa hiyo hospitali lazima, hata akisema yuko sawa.

Bajaji, si bodaboda

Hapa naomba ndugu zangu wa kijiweni mnisikilize. Najua mna moyo, na mara nyingi ninyi ndio wa kwanza kujitolea. Lakini asiye na fahamu akikalishwa katikati kwenye bodaboda, mmoja mbele, mwingine nyuma amemkumbatia, kichwa kinaning'inia kifuani na koo linafungika kabisa. Mnafika hospitali upesi na maiti. Bodaboda akimbie akaite bajaji, akimbie akawaambie watu wa mapokezi kuna mgonjwa asiyepumua anakuja, akimbie akamlete mama yake. Mgonjwa asipande.

Kwenye bajaji mlaze kiti cha nyuma, kichwa juu ya paja la mtu mmoja anayekishikilia kikiwa kimeinama nyuma na kidevu juu, mwingine ajibane sakafuni aendelee kupulizia. Kama anapumua mwenyewe lakini hajaamka, mlaze kwa ubavu: goti la juu limekunjwa, mkono wa juu chini ya shavu, mdomo ukielekea chini kidogo ili akitapika yatoke nje. Hata mkiwa bado mnasubiri usafiri, hivyo ndivyo alale. Kulala chali na matapishi kumemaliza wengi waliokuwa wameshapona.

Mkifika, sema kweli. Kala unga, kadunga au kavuta, saa ngapi, alichanganya na nini: pombe, Valium, tramadoli, methadoni. Nimemsikia mama akimwambia daktari mwanawe ana malaria iliyopanda kichwani, mtoto huku midomo imekauka rangi. Yule mama hakuwa mwongo. Alikuwa na aibu, na aliogopa polisi wangeitwa. Mama mwenzangu, nesi hawezi kutoa dawa ya kitu ambacho hukumtajia. Na nyinyi mnaopokea wagonjwa, kuna mlango mmoja niliwahi kuulizwa kwanza nani atalipa, kijana akiwa mikononi mwetu. Muulizeni mtu pumzi kwanza.

Saa za hatari

Anayekufa si lazima awe aliyetumia sana. Mara nyingi ni aliyeacha kwa muda. Mwili unaozoea unga hudai zaidi na zaidi. Ukikaa wiki chache bila, mazoea yale yanaondoka, lakini akili inakumbuka kipimo kile kile. Kwa hiyo jicho lako liwe kwa aliyetoka gereza la Isanga wiki hii. Liwe kwa aliyerudi kutoka nyumba ya upataji nafuu, kwa aliyekuwa amelazwa, kwa aliyepelekwa kijijini Mpwapwa au Kondoa akalime kwa babu yake msimu mzima, familia ikafurahi amenenepa. Wiki hizo za mwanzo za kurudi mjini ndizo zinazoua. Wenzake maskani watamkaribisha kwa kete ile ile ya zamani.

Vijana wangu, kwenu nasema hivi. Mimi ningetaka mwache leo. Kama leo hamjaacha, msitumie peke yenu, wala msifungie mlango kwa ndani. Anza na kidogo ukae uone, hasa kama muuzaji ni mgeni au umekaa muda bila kutumia. Mkiwa wawili msitumie kwa wakati mmoja, mmoja abaki macho. Usichanganye na Valium wala gongo. Hizo nazo zinalegeza pumzi, na zikikutana na unga hazijumlishi tu, zinashirikiana kukuzamisha.

Wapo watakaosema namfundisha mtoto kutumia unga. Nawajibu kwamba ninayemzungumzia ameshatumia, na maiti haendi Itega.

Huu si ugonjwa wa pwani tu

Nikiwa msichana tulisema unga ni mambo ya Dar, Tanga na Zanzibar. Ni kweli uliingilia huko. Tangu miaka ya 1980 heroini ya Afghanistani inashuka pwani ya Irani na Pakistani, inapakiwa majahazini, inakuja Afrika Mashariki. Lakini barabara zote zinapita hapa katikati. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini, Dar es Salaam na Iringa. Iringa ukivuka Mtera tu umefika.

Na unga sio mlango pekee. Wamarekani waliingilia kwenye vidonge. Mwaka 1996 kampuni ya Purdue Pharma iliingiza sokoni OxyContin, dawa kali ya maumivu, ikawaaminisha madaktari kwamba hatari ya uraibu ni ndogo. Mwaka 2020 ilikiri makosa ya jinai. Waliozoea vidonge wakahamia heroini, kisha ikaja fentanili, ambayo nguvu yake ni mara 50 ya heroini. Kuanzia 2021 hadi 2023 waliokufa Marekani kwa kuzidisha dawa walipita 100,000 kila mwaka. Mwaka 2024 wakashuka hadi karibu 80,000, na kati ya sababu zinazotajwa ni naloksoni kusambaa mikononi mwa watu. Tangu 2023 ile ya puani inauzwa kule bila cheti cha daktari. Mimi hilo la mwisho ndilo nalishika. Nchi yenye hospitali kubwa kiasi hicho iliona madaktari peke yao hawatoshi, ikawapa dawa majirani.

Kwa hiyo tramadoli iliyobaki baada ya babu kufanyiwa upasuaji isikae juu ya friji. Irudishe hospitali au famasi. Kijana anayeinywa na soda ili aendeshe usiku kucha au abebe mizigo bila kuchoka, mwambie ni ukoo ule ule. Lakini msije mkamnyima morfini bibi mwenye saratani kwa kuogopa haya niliyoandika. Morfini ya maji aliyopewa na daktari, kwa kipimo, ni haki yake. Maumivu yale hayastahili kuvumiliwa. Ifungieni tu, mtoto asiifikie.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu 125,000 hivi walikufa duniani kwa kuzidisha dawa za jamii ya afyuni. Wetu sidhani kama wamo wote. Nimekaa kwenye mikeka ya misiba mingi mtaani, na mzungumzaji wa familia akisimama anasema marehemu alianguka ghafla, presha, au tumbo. Majirani tunatazama chini. Baba anastahiwa, sawa, lakini wadogo zake marehemu wamekaa pale pale na wenzao wa kijiweni, na wanaondoka bila kuambiwa kilichomuua ni nini na kingezuilikaje. Familia yangu, tulipompoteza binamu yetu, tuliomba mzee wa mtaa aseme wazi kwa sentensi moja: alizidisha dawa za kulevya, na hakuwepo wa kumpa pumzi. Kulikuwa na minong'ono. Baada ya kuzika, akina mama watatu walinifuata nyuma ya nyumba, kila mmoja kwa wakati wake, wakaniuliza pumzi hiyo inapewaje.

Akishapona, mpelekeni Itega

Siku mbili tatu baada ya kunusurika, mtu huwa anasikia. Msizipoteze kwa kumsema. Methadoni ilianza kutolewa na serikali pale Muhimbili mwaka 2011, na sisi huku tunayo Itega, chini ya hospitali ya Mirembe. Ni dawa ya maji, inanywewa mbele ya mhudumu, kila siku, bure. Inakata arosto bila kumlewesha, hivyo anaamka asubuhi hana haja ya kuiba sufuria. Mpwa wangu sasa anafyatua matofali Nkuhungu. Anapitia kliniki kwanza, halafu kazini. Msimcheke anayekunywa mwaka wa nne au wa tano mkasema amebadilisha uteja kwa uteja. Wa presha anakunywa dawa yake maisha yote na hakuna anayemsema.

Kama hamjui pa kuanzia, muulizeni mhudumu wa afya wa mtaa wenu, au pigeni 119, namba ya bure ya ile Mamlaka ya dawa za kulevya. Nendeni wawili, yeye na ndugu mmoja atakayekuwa anamfuatilia. Naye ndugu huyo ajue jambo moja ambalo wengi hawaambiwi. Methadoni inaanzwa kwa dozi ndogo na kupandishwa polepole, kwa hiyo siku za mwanzo mgonjwa bado atasikia arosto. Hapo ndipo anaposhawishika kuongezea kete kidogo juu yake, na viwili hivyo vikikutana vinaua, pengine saa kadhaa baadaye, usiku, akiwa amelala. Wiki mbili za mwanzo alale chumba kimoja na mtu, na mtu huyo akisikia mkoromo asione uvivu kunyanyuka. Akiteleza akatumia, amwambie mhudumu kabla hajapokea kikombe cha siku hiyo, asifiche, maana kipimo chake kitapangwa kwa hilo. Na kama ataruhusiwa kubeba dozi ya kwenda nayo nyumbani, ikae ndani ya kasha lenye kufuli, juu, mbali na watoto, kamwe si kwenye chupa ya soda au ya juisi. Kijiko kimoja tu cha dawa hiyo kinaweza kusimamisha pumzi ya mtoto mdogo. Akiionja, hata akionekana anacheza vizuri, mbebeni hospitali wakati huo huo, chupa yenyewe mkononi.